Amitabh Bachchan Akizeeka Mbele ya Macho Yetu
Nimempenda Amitabh Bachchan tangu utotoni, kama walivyompenda watazamaji wengi wa picha za Kihindi katika pwani yetu. Yule kijana mrefu, mwenye hasira, wa Deewaar ya mwaka 1975, ambaye tulimngojea apigane, katika Piku ya mwaka 2015 ni mzee msumbufu anayelalamikia tumbo lisilopata choo na kumtegemea binti yake karibu kwa kila jambo. Sikuhuzunika hata kidogo kumwona hivyo. Sauti ile nzito ingalipo, ila sasa huiacha ikwaruze na kusitasita, jambo ambalo picha nyingi za ujana wake hazikumpa nafasi ya kulifanya. Tuzo ya Taifa ya Filamu aliyopewa India kwa uigizaji huo, naamini kwa dhati, ilimstahili kabisa.