Kumbukumbu ya mradi: detekta ya dhahabu inayolia ovyo

Iliyo mezani ni detekta, chombo kinacholia kikipita juu ya metali, ya aina ya VLF (masafa ya chini sana), kilohezi 18, yenye koili (sahani ya chini yenye waya wa kutuma ishara na waya wa kupokea) ya DD, yaani nyaya hizo zina umbo la D mbili zinazopishana, na gamba la umbo la yai, sentimeta 25 kwa 13, na betri nne za AA. Malalamiko ni manne: inalia koili ikigusa nyasi au jiwe, inalia koili inapogeuza njia mwisho wa kila mpito, sauti inakatika sikio la kushoto la hedifoni, na inajizima yenyewe ilhali alama ya betri inaonyesha nusu.

Kwa mtafuta vipande vya dhahabu huo si usumbufu mdogo. Kipande cha robo gramu hakipigi kelele. Hutikisa kidogo tu mlio wa msingi, ule mlio mwembamba unaosikika muda wote. Milio ya uongo ikizidi, mtumiaji hushusha usikivu, na akishusha usikivu vipande hivyo ndivyo vya kwanza kupotea. Wengi wakifika hapo hununua koili kubwa. Koili kubwa hufika chini zaidi kwa vipande vikubwa, lakini huzembea kwa vidogo na huokota kelele nyingi zaidi za udongo wenye chuma. Ugonjwa unabaki ule ule, umeongezewa uzito wa kubeba.

Kipimo kabla ya bisibisi

Bila kipimo kisichobadilika hakuna anayejua kama ukarabati umesaidia. Chukua risasi ya bunduki ya upepo ya milimita 4.5, ambayo huwa na uzito wa karibu gramu 0.5, uikate nusu, uibandike kwa gundi kwenye kadi ya plastiki. Madini ya risasi yanafaa kwa sababu dhahabu ya asili huwa na fedha ndani yake, na mchanganyiko huo hupitisha umeme vibaya kuliko dhahabu tupu; kwa mashine, vipande vidogo vya vitu hivi viwili hulia kwa namna inayokaribiana. Laza koili kwenye meza ya mbao isiyo na misumari, ielekee juu, kisha pitisha kadi ukipima kimo kwa rula ya mbao. Saa na pete zitoke mkononi.

Kabla ya kazi: usikivu haukuvuka asilimia 60 bila mashine kuanza kuropoka, na kadi ilisikika hadi sentimeta 6.

Koili na kifuniko chake

Kifuniko cha chini kilitoka kwa kusukumwa na vidole gumba, na ndani kulikuwa na tope kavu lenye mchanga mweusi. Hapo ndipo mlio wa mwisho wa mpito unapoanzia. Mchanga mweusi una magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, na kila koili inapogeuza njia mchanga huo husogea sentimeta chache mbele ya waya wa kupokea. Mashine inauripoti, kama ilivyoundwa kufanya. Osha kifuniko na koili kwa maji matupu, kausha kivulini, kisha ziba ukingo kwa utepe wa umeme, mzunguko mmoja unaopishana. Kuna wanaopaka silikoni. Inashika vizuri, ila kufungua tena kwa ajili ya kuosha inakuwa vita. Ukiitumia, chagua isiyo na harufu ya siki: ile yenye harufu hiyo hutoa asidi inapokauka, na asidi hula shaba.

Gamba la koili lilikuwa na ufa wa sentimeta 3 karibu na sikio la bolti. Ufa hupitisha umande, na umande ndani ya koili huleta milio isiyo na mpangilio asubuhi inayotulia jua likipanda. Kwaruza pembeni kwa msasa namba 120, futa kwa spiriti, jaza gundi ya epoksi, acha saa 24. Soma kwanza maandishi ya kopo, maana epoksi nyingine za kuziba mabomba huchanganywa na unga wa chuma. Ukiipaka hiyo umeibandikia koili kitu cha kulilia maisha yake yote. Tena, ukikutana na tabaka jeusi lililopakwa ndani ya gamba, liache. Ni kinga inayozuia majani mabichi yasihesabiwe kama shabaha. Likikwanguliwa, mashine italia kwenye kila nyasi yenye unyevu.

Bolti ya koili ni ya nailoni na ibaki hivyo. Washa zake (pete) za mpira zilikuwa zimebonyea, koili ikawa inacheza juu na chini. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa duara, tabaka tatu kila upande, ulitosha kuirudishia ukakamavu.

Kebo, na hapa ndipo penye kazi

Kebo ya koili hubeba ishara ndogo sana, na inapojinyonga au kupigapiga mti (mpini) wa mashine karibu na koili, uwiano kati ya waya wa kutuma na wa kupokea huyumba. Izungushe kwenye mti kwa mikunjo iliyobana, ifunge kwa mikanda ya kunata kila sentimeta 25, na iache nafasi kidogo pale chini ili koili iweze kuinama bila kuvuta. Kitanzi kinachoning'inia hapo ni chanzo cha milio mingi kuliko hitilafu nyingi za ubao wa umeme. Usifunge kwa waya wa chuma.

Kupima: zima mashine, toa betri, chomoa kebo, weka multimita kwenye omu. Katika koili nyingi za VLF waya wa kutuma husoma omu chache na wa kupokea makumi ya omu. Namba kamili hutofautiana kwa kila modeli, na zile zenye saketi ndani ya koili hazisomeki kirahisi hivi. Kinachotafutwa ni utulivu. Shika kebo kwenye plagi, ikunje taratibu huku na huku, kisha sogea sentimeta mbili mbili kuelekea koili. Namba ikiruka, kidole kiko juu ya mkatiko. Sehemu mbili hukatika kuliko nyingine zote: sentimeta 5 za kwanza baada ya plagi, na pale kebo inapoingia kwenye koili. Kwa mashine za mipigo, zile za PI, usithubutu kupima kebo mashine ikiwa imewashwa. Kila mpigo ukikatika, koili huachia mamia ya volti, na hazina huruma na mita wala mtu.

Hii ilikatika upande wa plagi, bahati njema. Hatua zenyewe:

1. Piga picha ya rangi za waya na pini zake kabla ya kugusa chochote.
2. Kata sehemu mbovu. Shaba ikionekana nyeusi, endelea kukata hadi ing'ae. Maji hupanda ndani ya nyuzi mbali kuliko unavyodhani, na lehemu haishiki kwenye shaba iliyooza. Hapa zilitoka sentimeta 7.
3. Visha mirija ya kusinyaa kwa joto kwanza, mmoja kwa kila waya na mmoja mkubwa kwa kebo nzima. Hatua hii husahaulika hata kwa mafundi wazoefu, kisha kiungo kizuri kinabidi kivunjwe.
4. Tumia lehemu ya 63/37 (bati 63, risasi 37) yenye kiini cha utomvu, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi. Ncha ya chuma cha kulehemu iwe karibu nyuzi joto 350. Shikilia sekunde mbili au tatu, si zaidi, maana plastiki ya ndani huyeyuka.
5. Wavu wa kinga unaozunguka kebo urudi kwenye pini yake ile ile. Uzi mmoja wake ukigusa waya wa kupokea, mashine itawaka vizuri na isisikie kitu.
6. Sinyaza mirija, kisha rudia kipimo cha kukunja kabla ya kufunga plagi.

Usirefushe kebo kwa waya wa kawaida uliopatikana kabatini. Kebo ina uwezo wake wa kuhifadhi chaji, na koili ya kupokea imetengenezwa kuuhesabu. Kuuongeza hupunguza usikivu au huvuruga usawazishaji wa ardhi, yaani kuifanya mashine ipuuze kelele za udongo. Kupunguza sentimeta 7 hakuna madhara yanayosikika. Ingekatika upande wa koili, ushauri ni kununua nyingine. Kuchimba epoksi ya ndani kunaweza kusogeza nyuzi kwa chini ya milimita moja, na hiyo inatosha kuvunja uwiano usiorekebishika mezani.

Betri na sauti

Kujizima kulitokana na ukungu mweupe kwenye springi moja, masalia ya betri ya alkali iliyovuja. Vaa glavu, sugua kwa kijiti cha pamba chenye siki, povu likiisha futa kwa maji kidogo halafu spiriti, kausha kabisa. Malizia kwa kifutio cha penseli. Msasa huondoa ngozi ya nikeli, na baada ya hapo kutu ni suala la muda. Pima volti mashine ikiwa imewashwa, si betri zikiwa mkononi. Betri nne za NiMH (za kuchajiwa upya) hutoa volti 4.8 dhidi ya 6.0 za alkali mpya, kwa hiyo alama ya nusu kwa NiMH zilizojaa ni kawaida. Seli inayoshuka chini ya volti 1.0 wakati wenzake wako 1.2 itolewe kwenye kundi.

Hedifoni zilikatika sentimeta 3 kutoka kwenye plagi, kama kawaida yao. Nyuzi zake zimepakwa vanishi ya rangi, na lehemu haishiki hadi vanishi iungue: chovya ncha kwenye tone la lehemu ya moto hadi moshi ukome na rangi ipotee. Kinobu cha sauti kilichokuwa kikikwaruza kilipata dawa ya kusafishia viunganishi na kuzungushwa mwisho hadi mwisho mara ishirini. Mafuta ya kulainishia bawaba si mbadala, huvuta vumbi.

Baada ya kazi, juu ya udongo

Mezani usikivu sasa unafika asilimia 85 kimya, na kadi inasikika kwa sentimeta 8.5. Nyongeza ya sentimeta 2.5 inaonekana haba hadi ukumbuke kwamba ishara hudhoofika ikienda na hudhoofika tena ikirudi. Kipande kikiwa mbali kutoka kwenye koili, umbali ukiongezeka mara mbili mwitiko hubaki takriban 1/64.

Ardhini namba hizo hupungua, hasa penye udongo mwekundu wa chuma. Sawazisha kwa kupandisha na kushusha koili kati ya sentimeta 3 na 20 hadi mlio wa msingi usipande wala kuzama, na urudie kila udongo unapobadilika rangi. Mlio ukitokea, pitisha koili kwa njia mbili zinazokatana. Kisha kwangua sentimeta 3 za juu. Shabaha halisi hulia kwa nguvu zaidi na kwa wembamba. Kelele za udongo hutanuka au hutoweka. Jiwe lenye chuma hudanganya vizuri, ila koili ikiinuliwa kidogo mlio wake hufa haraka. Hayo yote hayazuii kuchimba risasi na vipande vya alumini, na anayetegemea uchujaji (mashine kunyamazia metali zisizotakiwa) kuvikwepa huacha dhahabu ndogo pamoja navyo.

Kutoa kipande, tumia kichoteo cha plastiki: chota udongo, pitisha juu ya koili, mwaga nusu mkononi, pima tena, hadi ubaki konzi moja. Sumaku iliyofungwa kwenye kichwa cha sururu huondoa misumari mapema, ila sururu yenyewe ikae hatua mbili kutoka kwenye koili. Simu izimwe. Mashine nyingine jirani ikileta mvurumo, badilisha mkondo wa masafa kama mashine ina chaguo hilo, au ongezeni umbali.

Kazi iliyobaki: kola ya kufunga mti wa chini bado inacheza robo milimita na hutoa mlio kila koili ikigonga kisiki. Tabaka mbili za utepe wa umeme zinaishikilia kwa sasa, hadi ipatikane kola mpya ya plastiki. Baada yake ni kujaribu koili ya sentimeta 15 kwenye nyufa za mwamba, kwa kadi ile ile na usikivu ule ule.