Vile nilinyoosha makala ya Lion King

Mimi sio msomi wa lugha, nauza spea za pikipiki hapa Kisauni, lakini hii makala ilinikera wallahi. Binti yangu yuko gredi ya tano, waliambiwa waandike kuhusu katuni wanayoipenda, akachagua The Lion King, nikamfungulia kamusi elezo moja ya mtandaoni kwa simu tusome ile ya Kiswahili. Mstari wa pili tu, filamu "imeelekezwa na Roger Allers na Rob Minkoff". Imeelekezwa wapi, Likoni? Kushuka chini imefanya vizuri "katika ofisi ya sanduku" na Hans Zimmer ameshinda Oscar ya "alama bora asilia". Mtoto ananiuliza, "Baba, kwani alipata alama ngapi?"

Nikabonyeza Hariri papo hapo nikaanza kufuta, sina akaunti, sisemi sababu, nafuta tu kama nafagia duka. Kesho yake nacheki, kila kitu kimerudi vilevile na kwenye historia mkabidhi, yaani msimamizi wa hiyo kamusi, ameandika toa chanzo. Nilipandwa na hasira lakini kusema kweli haki ilikuwa yake, yeye anaona mtu asiye na jina kaja kafuta aya tatu kaenda zake.

Basi nikafungua akaunti nikaanza polepole, sentensi moja moja, na kila nikihifadhi naeleza kwa nini. Imeelekezwa ikawa iliongozwa, ofisi ya sanduku ikawa mauzo ya tiketi, ile alama ikawa muziki wa filamu, Oscar za 1995, nikaongeza na ya wimbo bora waliyopata Elton John na Tim Rice. Hapo hapakuwa na kazi. Kazi ilikuwa kwenye majina na nyimbo, maanake hapo kila mtu mjuzi. Ilikuwa imeandikwa ati majina yote ni ya Kiswahili na wimbo wa kufungulia pia. Haya, Simba sawa, Rafiki sawa, Pumbaa ni kupumbaa, Shenzi sina haja ya kukueleza. Lakini Mufasa nimempekua kwenye kamusi sijamwona, na ule wimbo wa mwanzo anaoanza nao Lebo M wa Afrika Kusini ni Kizulu, niliurudia mara kama sita kwa spika ya duka mpaka fundi wa jirani akaniuliza leo tunafuga simba hapa ama vipi. Sikufuta tena kama mwanzo, nilieleza kwanza kwenye majadiliano, nikaweka makala ya gazeti kama chanzo, siku nne kimya, hakuna aliyepinga, nikabadilisha.

Halafu hakuna matata. Nikaandika kwamba hayo maneno hayakuanza na hiyo filamu ya 1994, Them Mushrooms wa hapa kwetu Pwani walishayaimba kwenye Jambo Bwana 1982. Bando likaisha katikati, aya yote ikapotea, siku hizi naandika kwenye noti za simu kwanza ndio nabandika. Nilitaka pia kuongeza kwamba Mombasa ukimsikia mtu anasema hakuna matata ujue kuna mtalii karibu, wenyewe kwa wenyewe tunaambiana hamna neno, lakini chanzo cha hilo ni mimi, nikaliacha roho inaniuma.

Wiki jana wameitoa ile alama ya mbegu, inayoonyesha makala bado ni changa, kwenye makala. Binti hakuningoja, kazi yake alishaipeleka kitambo, na Zimmer wake mwenye alama bora asilia, mwalimu akatia tiki.