Bugatti Royale mbili, ila moyo wangu uko kwa moja

Jamani, leo nimeziona Royale mbili kwa macho yangu kwenye makumbusho ya magari ya Mulhouse, Ufaransa! Zilitengenezwa 6 tu, injini silinda 8, lita 12.7. Juu ya rejeta kuna tembo aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kazi ya mchongaji Rembrandt Bugatti, mdogo wake Ettore Bugatti, mwanzilishi wa kampuni hiyo ya magari.

Ya kwanza ni Coupé Napoléon, gari la Ettore mwenyewe. Boneti haiishi! Abiria wako ndani, dereva yuko mbele, nje ya chumba chao. Nilizunguka ubavuni nikifuata ule mstari wa madigadi ya mbele (vifuniko vya matairi) unavyoteremka hadi mlangoni, nikashindwa kuondoka.

Ya pili bodi yake iliundwa na kampuni ya Park Ward ya London, ikauzwa 1933 kwa Mwingereza. Pana, paa limenyooka, ya heshima, ila kwangu ni nzito mno. Kwa safari ndefu na familia ningechukua hiyo. Kwa uzuri, Napoléon, bila ubishi.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliwaacha Bugatti na wateja 3 tu wa Royale. Injini za aina hiyo zikaishia kuendesha treni. Nyie mngechagua ipi?