Mradi wa taa hai: ngisi wa Feri amewaka

Kwa mnaofuatilia, na kwa wageni: naotesha bakteria wanaotoa mwanga, niliowapata kwa ngisi wa soko la samaki la Feri, Dar. Sasa sahani ya agari, ule ute mgumu wa kuoteshea bakteria, imewaka. Si mwanga wa kusomea gazeti. Zima taa, ziba dirisha kwa kanga, kaa gizani kama dakika 10 macho yazoee, ndipo utaona vitone vya samawati iliyoingia kijani, vimetulia bila kumetameta. Mke wangu anasema kilichomfikia yeye ni harufu tu.

Ninayemfukuzia hasa ni Melanocetus johnsonii, yule samaki mweusi wa kilindini mwenye kijiti kipajini na taa nchani. Günther alimpa jina mwaka 1864, kutokana na samaki aliyepatikana Madeira. Jike hafiki sentimita 20, lakini tumbo lake hutanuka akameza windo kubwa kuliko yeye. Dume ni kidogo mno na taa hana. Taa yenyewe ni kifuko kilichojaa bakteria, chenye tabaka la kuakisi mwanga na tabaka jeusi la kuuzuia usivujie pasipotakiwa. Kamba akiifuata ile nukta gizani, mdomo uko hapo hapo chini yake. Wavuvi wetu wa dagaa na karabai zao wangemwelewa haraka, ila yeye hanunui mafuta: analisha bakteria.

Sasa kwa nini nahangaika na ngisi? Kwa sababu bakteria wa samaki yule hawaoti maabara. Utafiti wa 2018 ulisoma jenomu zao, yaani jumla ya jeni zao, ukakuta zimepungua karibu nusu, ukizilinganisha na za ndugu zao wanaoishi huru. Kwa kawaida bakteria aliyepoteza jeni kiasi hicho ameshakuwa wa kuishi ndani ya mwenyeji tu, na mama mwenyeji anamrithisha mtoto. Hawa sivyo. Mwaka uliofuata ilionekana kuwa samaki wa jamii tofauti wenye taa kama hiyo wana bakteria wale wale, dalili kwamba kila mmoja anawaokota baharini. Kifuko kina tundu la kutokea nje, na vifaranga huanza maisha tabaka za juu bila bakteria hao. Hapo ndipo ninaporudi kila mara: hohehahe wa jeni namna ile anamsubirije mwenyeji katika maji mapana vile?

Ngisi wa sokoni hubeba Photobacterium, bakteria wa mwanga walio binamu wa mbali wa wale wa samaki. Mwambie muuzaji asimwoshe kwa maji ya bomba, maana maji yasiyo na chumvi huwapasua. Mlaze nusu ndani ya maji yenye gramu 30 za chumvi kwa lita, ndani ya kasha lenye chupa za barafu. Ukimwacha kwenye joto la Dar, bakteria wa kuozesha wanawahi. Ukimtia kwenye friji, utangoja sana. Chakula cha bakteria kwenye sahani ni supu ya samaki iliyochujwa, chumvi kipimo kile kile, agari gramu 15 kwa lita na gliserini kidogo ya duka la dawa.

Lililonifurahisha zaidi ni chupa. Niliwahamishia bakteria kwenye supu isiyo na agari nikafunga kizibo. Mwanga ukafifia, ukabaki utando mwembamba juu, supu inapogusana na hewa. Nikatikisa: chupa nzima ikawaka papo hapo, kisha ikaanza kuzimika taratibu kuanzia chini. Luciferase, kimeng'enya kinachotoa mwanga, haifanyi kazi bila oksijeni. Ndiyo kusema kijiti cha yule samaki si nguzo ya kushikia taa tu. Lazima kipitishe damu ya kuwapelekea bakteria oksijeni.

Kinachofuata ni pampu ndogo ya akwariamu, nione kama hewa ya mfululizo itaiweka chupa ikiwaka bila kutikiswa. Sahani zilizokwisha nazilowesha kwenye dawa ya klorini kabla ya kutupa. Na mnaouliza: hapana, ngisi huyo haliwi.