Kiwanda cha betri kianzie maabara

Anayesafiri kutoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa huyapita malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Zambia, yakiwa yamebeba magunia makubwa ya hidroksidi ya kobalti. Ni unga wenye unyevu, na hata ukikaushwa, kobalti yenyewe ni takriban theluthi moja ya uzito wake. Kongo huchimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia nzima, lakini kazi ya kuisafisha hadi ifae kwa betri hufanyika kwa sehemu kubwa Uchina.

Siwezi kusema serikali imelala. Mwaka 2018 ilirekebisha Sheria ya Madini na kuitangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati yanayotozwa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa thamani ya madini, wa asilimia 10. Mwaka 2022 ilitia saini makubaliano na Zambia kuhusu utengenezaji wa betri. Mwaka 2025 ilisimamisha mauzo ya kobalti nje, kisha ikaweka kiwango ambacho kila kampuni inaruhusiwa kuuza nje. Hatua hizo zinaweza kupandisha bei, ila hakuna hata moja inayomfundisha mtu kemia.

Mwaka 2021 BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa masuala ya nishati, ilikadiria kwamba kiwanda cha tani 10,000 za malighafi ya betri kingeweza kujengwa nchini kwa dola milioni 39, takriban theluthi ya gharama ya Marekani. Hesabu hiyo inavutia, ingawa sisi tunaoishi na umeme unaokatika tunajua kwamba kujenga ni jambo moja na kuendesha ni jingine. Zaidi ya umeme, mtengenezaji wa betri hupima uchafu katika kobalti kwa sehemu chache kwa kila milioni, na shehena inayozidi kiwango hurudishwa. Mhandisi aliyesoma vipimo hivyo ubaoni tu, bila kugusa mashine yenyewe, ataajiriwa kusimamia nini?

Fedha za kuanzia zipo katika Sheria hiyo hiyo ya Madini. Asilimia 10 ya mrabaha huenda kwenye mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo, na sioni kizazi kijacho kilicho karibu kuliko wanafunzi wa Politekniki (kitivo cha uhandisi) na wa kemia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Bunge litenge sehemu ya mfuko huo kwa vifaa vya maabara, vipuri na mishahara ya mafundi wa kuvitunza, na hesabu zake zitangazwe kila mwaka hapa Haut-Katanga na Lualaba, yanakochimbwa madini hayo.