Kanga moja gauni mbili (na ugomvi mmoja)

Mwenzenu Januari hii imenikuta vibaya. Wanaoishi Dar mnanielewa, kuanzia Desemba mpaka Machi ukitoka nje ni kama mtu kakufunulia sufuria la wali usoni, jasho halikauki, usiku feni inazungusha joto lile lile, na wanaoteseka zaidi ni watoto. Wangu wa miaka 5 sikukuu alinunuliwa lile gauni la nyavu nyavu, limefura kama keki, ndani bitana ya satini, nyuma zipu, kiunoni ua kubwa kama sahani. Picha zilitoka bomba kwa kweli. Ila kufika saa nane mchana mtoto analia anajikuna, namvua naona shingoni na kwapani vipele vya joto vitupu, na zipu imemchora mstari mwekundu mgongo mzima. Hela yote ile. Likarudi kwenye mfuko wake likatundikwa nyuma ya mlango na mpaka leo liko hapo.

Ndo nikakumbuka sisi tulivyokuwa wadogo Tanga, mama alikuwa anatushonea vigauni vya kanga, hakuna zipu hakuna bitana, unavaa kichwani unatoka nje kucheza rede mpaka magharibi. Na cherehani yake ninayo mimi, Butterfly ya kukanyaga, imekaa kona ya sebule miaka imegeuka stendi ya tivii. Nikahamisha tivii, nikaitia mafuta, nikanunua mkanda mpya maana ule wa zamani ulikuwa umekauka unakatika kama biskuti, sindano namba 14 mpya nazo nikaweka, na siku ya kwanza tu ikaimba. Faida yake nyingine umeme ukikatika mi nashona tu, jirani wenye mashine za umeme wanakaa barazani wanajipepea.

Sasa kitambaa. Nilienda Kariakoo nikachukua doti ya kanga (yani kanga mbili za aina moja) ya 15,000, nyekundu na nyeupe, mji wake, ile sehemu ya katikati, una majogoo. Kabla hujalipa chomoa uzi mmoja pembeni uchome na kiberiti (muuzaji atakuangalia vibaya, mwache), pamba inaungua inanuka kama karatasi na kubaki jivu la kusagika, ila ukiona uzi unayeyuka unajikunja unakuwa kitone kigumu hiyo ni poliesta, na siku hizi zimejaa kweli, rangi zinawaka nzuri lakini mtoto ukimvalisha ni sawa na kumfunga mfuko wa rambo. Halafu ukifika nyumbani ifue kwanza. Usikate kanga mpya jamani. Ikiwa mpya ina wanga ni ngumu kama karatasi, na ikifuliwa inarudi kidogo, yani inapungua, ukikata kabla utakuja kulia. Nyekundu ifue peke yake mpaka maji yawe meupe, mi nilifua mara tatu.

Hesabu yenyewe ni rahisi mpaka nilicheka. Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Ukiikata katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya 150 kwa 55. Mtoto wa miaka 5 kifua chake ni kama 58, na gauni la kuvuta, lile la lastiki kifuani, linataka kitambaa mara mbili na ushei ya kifua, kwa hio 150 ni mulemule. Na 55 ni kutoka kwapani mpaka magotini. Yani kanga moja gauni mbili, doti gauni nne. Tena pindo la kanga, yale mapambo yanayozunguka pembeni, linakaa lenyewe chini ya gauni, na pale chini ni ukingo wa kiwandani hauchomoki nyuzi kwa hio hukunji wala hushoni upindo. Nusu ya kazi imeshafanywa na wenye kiwanda.

Kazi iko juu, kifuani. Hapo kuna kitu kinaitwa uzi wa lastiki, ule mwembamba wanauza kwenye vibobini au vikaratasi, duka lolote la vifaa vya ushonaji wanao. Huo unauzungusha kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini ya cherehani, KWA MKONO, usiuvute, usiulegeze pia, juu unaweka uzi wa kawaida, mshono unaweka mrefu kuliko wote, halafu unashona mistari juu ya upande mzuri wa kitambaa. Kwanza pinda ukingo wa juu ushone, kisha mstari wa kwanza sentimita 2 kutoka juu, unaofuata sentimita 1 chini yake, hivyo hivyo mpaka mistari 8. Kuanzia wa pili kitambaa kinakuwa kimeshajikunja so inabidi ukinyooshe kwa mikono yote miwili mbele na nyuma ya sindano huku miguu inakanyaga, mara ya kwanza utaona kama unaendesha baiskeli umebeba kitanda. Utazoea.

Makosa niliyofanya ili we usiyafanye: nilifunga ule mshono wa nyuma kwanza gauni likawa duara ndo nikaanza lastiki, nikawa nazunguka zunguka mistari inapanda inashuka kama nyoka. Shona lastiki kitambaa kikiwa bado wazi, ukimaliza mistari yote ndo unaunganisha nyuma, na ule mshono unazibana ncha zote za lastiki hazitachomoka. Na kuna zawadi hapo, kanga ina pindo mpaka kwenye zile pande fupi, kwa hio pindo la kushoto na la kulia zinakutana mgongoni zinashuka kama reli mbili. Watu wanadhani nilipanga. Nakubali tu nilipanga.

Ukiona kifua hakijavutika vizuri usikate tamaa ukafumua. Weka kitambaa kibichi juu yake upitishe pasi ya moto, hata ya mkaa, usiiburuze, shusha nyanyua shusha nyanyua, ule mvuke unaifanya lastiki ijikaze yenyewe mbele ya macho yako. Mi nilikaa napiga kelele peke yangu ndani.

Kamba za begani nilikata kwenye shuka jeupe la zamani, nne, za kufunga fundo begani. Kamba za kufunga ni bora kuliko za kushonea moja kwa moja kwa sababu mtoto akirefuka unalegeza fundo, na mwakani likishakuwa juu ya magoti linavaliwa na suruali kama blauzi. Gauni la keki halina mwakani.

Haya, la majogoo. Kipande cha kwanza kilitoka safi. Cha pili, cha dada mtu wa miaka 8 (nilimwongezea kipande cheupe chini maana 55 haimtoshi), nimemaliza, namvalisha, naona majogoo wote wamesimama kwa vichwa. Ni kwamba pindo la kile kipande lilikuwa upande wa juu wa kanga, ukiligeuza likae chini na picha zote zinageuka. Kama una kanga ya maua au nukta huoni tofauti, ila yenye ndege, mananasi, picha ya kitu chochote chenye kichwa na miguu, jua kwamba gauni la pili litakuwa hivyo. Nikamuuliza nifumue? Akasema acha mama, wamelala.

Ila kilichonitoa jasho si majogoo, ni jina. Mnajua kanga haikosi jina, wenzetu Mombasa wanaita leso lakini maneno yako pale pale, na mi dukani niliangalia rangi tu sikusoma. Lile gauni la kwanza, la mdogo, ndo lilibeba jina lote, limemzunguka chini herufi kubwa nyeupe: HASIDI HANA SABABU. Na huyu mtoto ndo kwanza anajifunza kusoma. Basi kutwa nzima kainamia upindo wake anasoma kwa sauti, ha-si-di, ha-na, sa-ba-bu, uani, barazani, kwenye foleni ya maji, "mama, hasidi ni nani?", na kwa bahati mbaya mbele ya mlango wa jirani yangu ambaye wiki ile ile tulikuwa tumepishana kauli sababu ya ndoo. Ndoo tu jamani.

Jirani akatoka akasoma. Akamsoma mtoto kutoka mbele, akamzunguka akamalizia nyuma. Akaniangalia. "Haya mama, ujumbe umefika."

Nikaapa kwa kila kitu kwamba shoga sikuangalia, niliangalia rangi, lakini nani atakuamini, tangu lini mwanamke wa pwani akanunua kanga hajasoma jina? Kesho yake asubuhi nafungua dirisha nakuta kwenye kamba yake ya nguo kanga moja tu imeanikwa, imenyooshwa vizuri, imeelekea kwangu: KELELE ZA MLANGO HAZINIKOSESHI USINGIZI. Na haikuwa na maji hata tone. Kanga kavu imeanikwa!

Tukakaa hivyo siku nne. Aliyetupatanisha ni kabinti kake ka miaka 3, kalimwona wangu na gauni la majogoo kakalia mpaka kakatapika, mama mtu akaja mwenyewe mlangoni amekunja uso lakini ameshika mtoto mkono, "mpime basi". Nikampima. Kanga ya pili ya ile doti si bado ninayo, na ina jina lile lile. Safari hii nikasema hapana, jina siliweki chini. Nikakata ule mstari wote wenye maneno kama sentimita 9 kwenda juu, nikaliunganisha pindo upya na mji, gauni likapungua urefu likabaki 44 ambayo kwa miaka 3 ndo yenyewe. Lakini kitambaa kizima cha pamba unatupaje? Ule mstari nikaukunja nikashona mikanda miwili mipana ya begani, ya kushonea moja kwa moja maana kwa fundo ingekuwa minene, nikakata nikidhani maneno yatapotelea ndani ya kifua.

Mengi yalipotea kweli. Upande wa kushoto imebaki HA, haisumbui mtu. Wa kulia zimebaki herufi 4, BABU, zimekaa kati ya bega kama zimeandikwa na fundi wa mabango. Jirani alivyoona alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi zangu. Na kale katoto sasa hivi gauni hakavui, kakiulizwa nani kakushonea kanashika bega kanasema babu.