Jinsi nilivyofunga ekzosi ya mtumba kwenye Toyota 86 yangu

Ekzosi ya spoti, yaani bomba la kutolea moshi, iliyokwisha kutumika huamuliwa mezani, si chini ya gari. Nilipokusudia kuiondoa ekzosi ya kiwandani ya Toyota 86 yangu na kuweka ya mtumba, niliazimia kwamba gari halitapandishwa kwenye stendi mpaka kila kipande cha bomba hilo kiwe kimekaguliwa, kimesafishwa na kupimwa kama kinavuja, kwa sababu kasoro ambayo mtu huiona mara moja bomba likiwa mbele ya macho yake, humpotezea mchana mzima akiitafuta amelala chali huku vumbi la kutu likimwangukia usoni.

Toyota 86 iliingia sokoni mwaka 2012 ikiwa na injini ya Subaru ya lita 2.0, yenye silinda 4 zilizolala na isiyo na turbo, yaani kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini. Moshi ukitoka kwenye injini hupita kwanza kwenye kataliti, yaani chombo kinachopunguza gesi zenye sumu, kisha bomba la kati, na mwisho huingia kwenye sailensa iliyokaa kwa upana nyuma ya gari, yenye midomo miwili. Ekzosi niliyoinunua inaanzia nyuma ya kataliti, na hilo nililitaka kwa makusudi, kwani kataliti na sensa za oksijeni hubaki mahali pake, kompyuta ya injini haiguswi, na hewa tunayoivuta sote haichafuliwi zaidi kwa ajili ya starehe yangu. Sioni fahari yoyote katika kung'oa kataliti ili gari lipige kelele.

Muuzaji alisema bomba ni stenlesi, yaani chuma cha pua, nami nilikwenda kulitazama nikiwa na sumaku ndogo mfukoni. Stenlesi ya daraja la 304 haishikwi na sumaku, isipokuwa kidogo pale bomba lilipokunjwa, ilhali ya daraja la 409, ambayo ni ya bei nafuu zaidi na hupata kutu ya juu juu, huishika sumaku barabara. Sumaku yangu iliteleza na kuanguka kila nilipoiweka kwenye sehemu zilizonyooka. Baada ya hapo nilimulika tochi ndani ya sailensa. Sailensa za aina hii zina bomba lenye matundu mengi lililofungwa nyuzi za kioo zinazomeza sauti, na nyuzi hizo huungua na kupeperuka kadiri miaka inavyokwenda. Zikiisha, sauti huwa kali na ya bati. Nikaigonga kwa kifundo cha kidole kutoka upande mmoja hadi mwingine, nayo ikajibu kwa sauti nzito iliyofanana kote, ishara kwamba ndani bado imejaa.

Nyumbani niliziba midomo ya nyuma, nikapuliza hewa ndani kwa kutumia kipulizio cha mashine ya kufyonza vumbi, na nikapaka maji ya sabuni kwenye kila mshono. Mishono yote ilikuwa salama ila mmoja: pale ambapo kishikio cha kuning'inizia kimeunganishwa na bomba la kati, mapovu madogo yalichomoza kwa mstari, moja baada ya jingine, juu ya ufa ambao jicho peke yake lisingeuona. Mahali hapo ndipo hubeba mtikisiko wote wa bomba, hivyo haishangazi kwamba chuma kilichoka hapo. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea anayeijua stenlesi. Aliusaga ufa wote mpaka mwisho wake, akajaza gesi ya argoni ndani ya bomba ili upande wa ndani wa mshono usiungue, kisha akaziba kwa waya wa 308L ambao ndio unaolingana na chuma cha 304. Fundi asiyejishughulisha na upande wa ndani huacha mshono unaopendeza kwa nje na uliojaa uvimbe mweusi ndani, na mshono wa namna hiyo hupasuka tena.

Nyuso za flanji, yaani sahani za kuungia mabomba kwa bolti, zilikuwa na mabaki ya gasketi ya zamani, kile kizibo kinachobanwa katikati yake. Niliyakwangua, kisha nikasugua kwa brashi ya waya wa stenlesi, kwa kuwa brashi ya chuma cha kawaida huacha chembe zinazoota kutu juu ya chuma ambacho chenyewe hakina kutu. Nililaza rula ya chuma juu ya kila flanji na kuangalia dhidi ya mwanga. Pasipopenyeza mwanga, uso umenyooka. Gasketi, raba za kuning'inizia, bolti na nati nilinunua mpya zote. Bomba linaweza kuwa la mtumba, lakini vitu hivyo vidogo havifai kuwa vya mtumba, maana gasketi iliyokwisha kubanwa mara moja haibani tena sawasawa.

Kuiondoa ekzosi ya kiwandani kulihitaji subira kuliko nguvu. Jioni ya kuamkia kazi nilipulizia mafuta ya kulegeza nati kwenye kila uzi, na asubuhi, gari likiwa limepoa kabisa na kuegemea stendi imara mahali pa tambarare, nikaanza na nati za flanji ya mbele. Iliyokuwa imeganda niliipasha moto baada ya kuyafuta mafuta yote, nikawa naifungua nusu mzunguko na kuirudisha robo, mbele na nyuma, mpaka ikaachia. Raba za zamani zilitoka kwa maji ya sabuni. Sikutumia mafuta ya injini wala grisi, kwa sababu vitu hivyo huilainisha raba na kuiharibu. Kabla ya kuchomoa raba ya mwisho niliweka jeki chini ya sailensa, kwani ni nzito na huanguka ghafla upande mmoja.

Kufunga ile nyingine ndiko nilikokufurahia zaidi. Niliining'iniza yote kwenye raba zake kwanza, nikaweka gasketi na kuingiza bolti kwa vidole tu bila kukaza hata moja, kisha nikaanza kuizungusha na kuisogeza mpaka midomo yote miwili ikae katikati ya nafasi zake kwenye bampa. Anayekaza flanji ya mbele kabla ya kupanga nyuma hulazimika kuyavuta mabomba kwa nguvu, na mvuto huo hubaki ndani ya chuma ukitafuta mahali pa kupasua. Nilikaza kuanzia mbele kuelekea nyuma, nikizipa bolti za kila flanji zamu kidogo kidogo, na nikamalizia kwa spana ya kupimia nguvu kulingana na kitabu cha ufundi cha gari.

Nafasi za kupumulia zilinichukua muda mrefu, na zilistahili. Stenlesi hutanuka sana inapopata joto: bomba la mita 2 likipanda nyuzi joto 300 za Selsiasi huongezeka urefu kwa karibu milimita 10. Kwa hiyo midomo inayoonekana kukaa vizuri gari likiwa baridi inaweza kuiegemea na kuiyeyusha bampa baada ya mwendo mrefu. Nilihakikisha nafasi imebaki pande zote, hasa kwa juu, na kwamba bomba halikaribii propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Kisha nikaishusha gari ikae kwa magurudumu na kukagua tena, kwa sababu mikono ya sasipensheni haikai mahali pamoja gari likiwa limeinuliwa na likiwa limesimama. Mwisho nililifuta bomba lote kwa spiriti, maana alama za vidole zikishaungua juu ya stenlesi haziondoki kirahisi.

Injini ilipowaka niliziba midomo kwa muda mfupi sana kwa kitambaa kizito na kusikiliza kama kuna mzomeo kwenye viungo. Hapakuwa na wowote. Kuhusu nguvu, sitamdanganya mtu: kwenye injini isiyo na turbo, mabadiliko ya nyuma ya kataliti pekee huleta tofauti ndogo, na sikununua bomba pana la milimita 76.2 badala ya la milimita 63.5 ingawa eneo lake la ndani ni kubwa kwa asilimia 44, kwa kuwa injini yangu haina moshi wa kulijaza. Nilichokitafuta ni sauti na uzito mdogo. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hupiga mapigo 100 kwa sekunde, na mvumo wa kiwango hicho ndio unaochosha masikio safarini; bomba la kati la ekzosi hii lina sailensa ndogo ya kuukata, na mwendo wa barabara kuu umebaki wa kuongea bila kupaza sauti. Baada ya safari za mwanzo, bomba likiwa limepoa, nilizipitia bolti zote tena kwa spana, na zile za flanji ya mbele zilikubali kukazwa kidogo zaidi.